Urusi majira ya joto: baridi siyo itakayokutoa jasho

Kila mwaka mwezi wa Juni ukiingia naanza kupata meseji za wadogo zetu wa Mlowo, Vwawa mpaka Tunduma. Kidato cha sita wanasubiri matokeo, wengine wameshaomba nafasi za Urusi, na swali ni lile lile: "Kaka, hivi ile baridi mtu wa huku anaiweza?"

Jibu langu ni fupi. Baridi ya Urusi Warusi wenyewe walishaimaliza. Maji ya moto yanatoka kwenye mitambo mikubwa ya mji, yanapita kwenye mabomba mpaka chumbani kwako, nje hasi ishirini wewe ndani umekaa na singlendi unakula karanga. Darasa lipo, kantini ipo, walimu wapo, stipendi inaingia. Wakati wa baridi hata ukiwa mvivu unabebwa tu na ratiba ya watu.

Kasheshe ni majira ya joto. Mitihani ikiisha Juni au mwanzoni mwa Julai, chuo kinafunga mpaka tarehe 1 Septemba. Ratiba imekufa, marafiki wa Kirusi wamekwenda kwao, ofisi ziko nusu nusu, na wewe umebaki na pasipoti yako, hela kidogo, na miezi miwili mbele. Hapo ndipo mwanafunzi wa nje anaposimama au anapoanguka. Huo msimu hakuna anayeniuliza, kwa hiyo leo nausimulia.

Mimi nilikaa Voronezh, 2013 hadi 2019: mwaka mmoja wa lugha, mitano ya uhandisi wa ujenzi. Voronezh iko kama kilomita 500 kusini mwa Moscow, ina watu karibu milioni moja, na vyuo vyake vimekuwa vikipokea Waafrika tangu miaka ya 1960. Moscow na St Petersburg kuna tofauti za hapa na pale, ila msimu ni mmoja.

Kwanza saa. Tangu Oktoba 2014 saa ya Moscow na saa ya Tanzania ni moja, hakuna kujumlisha wala kutoa. Lakini jua halijui hayo makubaliano! Mwishoni mwa Juni Voronezh jua linachomoza kama saa 10 alfajiri na kuzama karibu saa 3 usiku. Namaanisha saa 3 ya usiku, ile ambayo hapa Mbozi Mission watu wameshafunga milango. Nikimpigia mama saa 2 usiku yeye yuko gizani anajifunika blanketi kwa kipupwe, mimi nasikia watoto wanacheza mpira nje na jua linanipiga usoni. Alikuwa haamini. Akanituma nipige picha ya saa ya ukutani pamoja na dirisha. Washkaji zetu Waislamu ndio walioisoma namba: Ramadhani za 2015 na 2016 ziliangukia Juni, na kufunga huko kulikuwa zaidi ya saa 18 kwa siku. Futari ikiliwa, daku iko mlangoni.

Joto lenyewe sasa. Julai mchana nyuzi 27 au 28 ni kawaida, 35 inatokea. Mwaka 2010, kabla sijafika, Moscow ilipiga nyuzi 38 na nusu ya nchi ilikuwa kwenye moshi wa misitu inayoungua. Majengo yale yamejengwa kutunza joto, siyo kulitoa, kwa hiyo bweni la ghorofa tisa Julai linakuwa tanuri la matofali. Mtu wa Dar anaweza asione shida. Sisi wa nyanda za juu, ambao Juni ndiyo mwezi wa kuota moto jikoni, tunateseka kuliko mnavyofikiri. Mimi sweta niliyopewa na mama nilianza kuivaa Septemba.

Halafu Juni kuna kitu wanaita "pukh". Ni sufi nyeupe ya mipopla, miti waliyoipanda mijini kwa wingi baada ya vita vya pili vya dunia kwa sababu inakua haraka. Inaelea hewani kama pamba, inajikusanya kwenye kingo za barabara kama theluji, inaingia puani, inaingia kwenye sufuria. Watoto wanaiwasha kiberiti inakimbia na moto kama baruti. Siku yangu ya kwanza kuiona nilifikiri kuna kiwanda cha magodoro kimepasuka.

Na maji ya moto yanakatwa. Yale mabomba niliyoyataja lazima yakaguliwe na kuzibwa kabla ya baridi, kwa hiyo kila kiangazi mtaa wako unapewa tarehe, na kwa siku kadhaa mpaka wiki mbili hakuna maji ya moto. Warusi wanalalamika kama wamefiwa. Sisi tuliochemsha maji kwa kuni tangu tuko darasa la pili tulikuwa tunacheka: birika, beseni, kopo, kazi imekwisha. Ndiyo wiki mbili pekee za mwaka ambazo mtu wa Mbozi aliwafundisha wenyeji maisha ya mjini, hehehe.

Kwenye chakula hamtapata tabu. Mitaani wanauza kvas, kinywaji cha mkate uliochachushwa. Ukikionja macho yamefumba utasema ni togwa iliyopitia jeshini. Wanakimimina hata kwenye supu ya baridi yenye matango, mayai na bizari, kitu ambacho mimi nilihitaji miaka mitatu kukikubali. Mishkaki wanaita shashlik na wanaipenda kuliko sisi. Mahindi ya kuchemsha yapo. Unga mweupe wa ugali ndio haupo, unga wa mahindi ni wa njano na mkavu. Waafrika wengi tunasonga manka, yaani semolina ya uji wa watoto. Inashika vizuri tu ukiizoea mkono. Agosti yanashuka matikiti ya kusini, Astrakhan huko, malori kwa malori, na kila mmama mtaani atakuonya usile la kwanza kwanza eti limejaa mbolea.

Ila ukitaka kuwaelewa Warusi, omba mtu akupeleke dacha. Sisi tumezoea kuona kwenye sinema dacha ni jumba la kifahari la mkubwa fulani. Dacha ya watu wa kawaida ni kishamba nje ya mji. Kipimo cha enzi za Usovieti ni mita za mraba 600, na humo kuna kibanda cha mbao, viazi, matango, nyanya, vitunguu na matunda madogo madogo. Ijumaa jioni treni za karibu zinajaa vibibi na ndoo, miche na paka. Rafiki yangu wa darasani alinipeleka kwa bibi yake Julai 2014. Bibi akanikaribisha chai, akaniweka kivulini kama mgeni wa serikali. Nikachukua jembe lao, dogo kama la kuchezea, nikaanza kupalilia viazi. Bibi akasimama. Akamwambia mjukuu wake, "Huyu amelelewa." Kuanzia hapo chai ya kivulini ikaisha, nikawa nafanya kazi kama punda!

Tuliokota wadudu wa viazi, wale wenye mistari, mmoja mmoja kwa mkono, tunawatumbukiza kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Nikiwa nimeinama pale nilikuwa nawaza wadogo zangu wako kwenye mibuni wanachuma kahawa, mgongo umepinda hivi hivi, mwezi huu huu. Wiki zile zile. Mbozi inachuma kahawa kuanzia Mei, Juni mpaka Septemba, na Mrusi anachuma na kufungia kwenye chupa Julai mpaka Septemba. Tofauti ni kwamba sisi tunauza na yeye anaficha chini ya sakafu kwa ajili ya baridi. Niliporudi mjini na chupa sita za matango na jamu za yule bibi sikununua mboga mpaka Novemba. Kwa stipendi yetu ile haikuwa zawadi ndogo.

Tahadhari moja ya huko porini: kupe. Sisi kupe ni habari za ng'ombe. Kule kupe wa majani wanaeneza maradhi kwa binadamu, na sehemu nyingine za nchi wanaleta homa ya ubongo. Ukitoka msituni unavua nguo zote unajikagua mpaka nyuma ya masikio. Usione haya. Mbu wapo wengi, lakini hawana malaria.

Sasa usalama, maana wazazi wanauliza. Sitawadanganya. Voronezh ilikuwa na sifa mbaya. Februari 2004 mwanafunzi wa udaktari kutoka Guinea-Bissau aliuawa kwa visu, na Oktoba 2005 akauawa mwanafunzi wa Peru, na wanafunzi wa nje waliandamana. Nilipofika mimi mambo yalikuwa yametulia kiasi. Miaka sita sikupigwa. Kutukanwa kwenye daladala, ndiyo. Kuguswa nywele na kupigwa picha ufukweni bila kuulizwa, mara nyingi mpaka nikachoka kuhesabu. Kiangazi kina tarehe moja ya kukumbuka: 2 Agosti, sikukuu ya wanajeshi wa miamvuli. Wastaafu wa kikosi hicho wanavaa bereti za bluu, wanakunywa tangu asubuhi, wanaogelea kwenye chemchemi za mjini. Wengi wao wana furaha tu. Ila wakongwe wetu walitufundisha siku hiyo mtu anashinda ndani anapika pilau, nasi tukawafundisha waliofuata.

Tuje kwenye karatasi, na hapa naomba msome polepole. Mgeni yeyote akifika lazima mwenyeji wake, chuo kwa upande wetu, atoe taarifa ya makazi yake ndani ya siku 7 za kazi. Watu wanadhani ni mara moja tu. HAPANA. Ukienda mji mwingine likizo ukakaa zaidi ya muda huo, unasajiliwa kule. Ukirudi, unasajiliwa tena bwenini. Hoteli inakusajili yenyewe, lakini ukilala kwa mshkaji, yeye au mwenye nyumba ndiye anatakiwa akusajili, na wenye nyumba wengi hawataki kabisa hiyo habari. Polisi wa stesheni wanaijua kiangazi kuliko wewe. Mtu mweusi mwenye begi Julai ni lazima aulizwe karatasi. Kosa la kwanza faini. Ukirudia unaweza kurudishwa nyumbani na kufungiwa kuingia kwa miaka.

Na viza yenyewe huongezwa mwaka kwa mwaka, ndani ya nchi, kupitia chuo. Wengi viza zao zinakwisha Agosti au Septemba, maana yake pasipoti inachukuliwa katikati ya likizo. Ofisi hutaka uilete zaidi ya mwezi mmoja kabla, na muda huo unatembea na hati ya kuonyesha kwamba pasipoti iko kwao. Ukiwa na somo ulilofeli Juni, wanakuita "mdaiwa", na ukifukuzwa chuo viza inafupishwa, unapewa siku chache uondoke. Nimeona watu wanne wakiondoka hivyo kwa miaka sita. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga darasani. Walichelewa kwenye foleni tu. Wengine walikwenda bahari ya kusini kutafuta hela wakati jina lao limebandikwa kwenye ubao wa dekani.

Hela ndiyo inayowapeleka. Stipendi ya serikali ya Urusi kwa mgeni wakati wangu haikufika rubli 2,000 kwa mwezi. Juni 2014 dola moja ilikuwa kama rubli 34, mwaka mmoja baadaye ilikuwa imepita 50. Kwa hiyo anayetumiwa dola kutoka nyumbani akawa tajiri ghafla, na anayeishi kwa rubli akawa hohehahe. Wazee wetu waliosoma enzi za Usovieti walikuwa na njia yao: kiangazi wanapanda treni kwenda Berlin Magharibi au London, wanapiga boksi wiki kadhaa, wanarudi na jinzi za kuuza. Wao waliruhusiwa kutoka, Warusi wenyewe hawakuruhusiwa. Sisi mlango huo tuliukuta umefungwa.

Sheria ya kazi ilikuwa hivi: mwanafunzi wa nje alihitaji kibali, isipokuwa kazi za chuoni kwake na kazi za wakati wa likizo. Agosti 2020 ikaanza kutumika sheria iliyowaruhusu wanaosoma kutwa kwenye programu zinazotambuliwa na serikali kufanya kazi bila kibali. Wanaosoma mwaka wa lugha wawaulize vizuri ofisi ya wageni kabla ya kushika kazi. Kazi zenyewe? Kugawa vipeperushi, kupakua malori usiku, kufundisha Kiingereza kambi za watoto (hiyo ndiyo bora, unalishwa na watoto wanakupenda), saidia fundi. Na kuna ile ya Sochi na Anapa, ufukweni Bahari Nyeusi: Mwafrika anavishwa sketi ya majani na mifupa ya plastiki shingoni, watalii wanalipa kupiga naye picha. Inalipa kuliko vipeperushi. Nina marafiki waliifanya wakalipa nauli ya kwenda kuzika baba. Siwahukumu. Mimi niliikataa, nikabeba mifuko ya saruji, na mgongo unanikumbusha mpaka leo.

Hayo ni ya wakati wangu. Tangu 2022 mambo yamebadilika na ni lazima mjue. Vita vilipoanza Februari mwaka ule uwanja wa ndege wa Voronezh ulifungwa, mji uko karibu na mpaka wa Ukraine, na ndege zisizo na rubani zimeshafika mkoani mara nyingi. Machi 2022 Visa na Mastercard zikasimamisha kazi, kadi ya benki ya Tanzania ikawa plastiki tu kule, na Western Union nayo ikasimama. Facebook na Instagram zikazuiwa mwezi huo huo. Kiangazi cha 2025 mikoa mingi ilikuwa inazimiwa intaneti ya simu kwa sababu ya hizo ndege, na Agosti serikali ikabana simu za WhatsApp na Telegram. Mzazi wa Mbozi aliyezoea kumwona mtoto kwenye video kila Jumapili anapaswa kuambiwa hayo mapema, asije akapandisha presha.

Kubwa zaidi ni kazi za likizo. Zamani hatari ya kazi mbaya ilikuwa kudhulumiwa mshahara. Sasa ni nyingine. Nemes Tarimo, Mtanzania aliyekwenda Moscow 2020 kusoma shahada ya uzamili, alihukumiwa kifungo cha miaka saba Machi 2022. Akiwa gerezani akaahidiwa msamaha akipigana na kundi la Wagner. Alikufa Ukraine Oktoba 2022, serikali yetu ikathibitisha Januari 2023, na mwili ukarudishwa nyumbani. Alikuwa kijana msomi kama hao wanaoniandikia.

Oktoba 2024 shirika la habari la AP likaandika juu ya mpango wa Alabuga, Tatarstan: wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda na kwingineko waliahidiwa kazi na masomo, wakajikuta wanaunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Aprili 2024 hosteli za eneo hilo zilishambuliwa na watu wakajeruhiwa. Dada yangu unayesoma hapa, tangazo likisema tiketi bure, malazi bure, umri usizidi 22, uliza kiwanda kinatengeneza nini. Na wewe kijana uliyeko kule tayari, ukiona Telegram kazi ya "kurier" inayolipa kwa siku kuliko daktari wa mji, vifurushi hivyo vina dawa za kulevya, na kifungo chake kinahesabiwa kwa miaka mingi. Mkataba wowote ambao husomi Kirusi chake vizuri usisaini, hata anayekuletea akiwa Mwafrika mwenzako.

Mwisho, wale watakaopata nauli ya kuja nyumbani Julai, na wengi huja mara moja tu katika masomo yote. Ukikaa kule miaka miwili mitatu kinga yako ya malaria inashuka. Unakuja, unakwenda Kyela kwa shangazi, unaumwa na mbu, unarudi Urusi, Septemba homa inaanza. Daktari wa kule malaria ameisoma kitabuni. Mwenzetu mmoja alilazwa siku nne akitibiwa mafua makali mpaka yeye mwenyewe alipochora mbu kwenye karatasi na kuandika chini yake "Afrika, Agosti". Kwa hiyo jifunze kusema hilo neno kwa Kirusi, bahati nzuri ni "malyariya", na sema umetoka wapi kabla hujaulizwa. Kipimo cha haraka na dozi moja ya mseto, pamoja na cheti cha daktari, ninyi wa hapa mnaweza kuulizia hospitali ya Mission kabla ya safari. Havijazi hata mfuko wa koti.